Mahali pa Kuweka Sikio

Sauti ya kwanza niliyoinasa kwa ajili ya filamu yangu ilikuwa ya upepo. Nilikuwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mwezi wa Januari, kaskazi imeshika. Mbele yangu alikaa fundi wa majahazi akinieleza namna mkuku unavyolazwa, kwa nini taruma halikatwi kwenye mti ulionyooka, na nani alimfundisha kushika tezo. Alizungumza dakika 40. Kamera ilikuwa ya kuazima, nzuri, na picha ikatoka nzuri. Usiku nilipoketi kuitazama ile kazi nikasikia mvumo mtupu, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa mtungi. Chini ya mvumo, mbali kabisa, mzee mmoja alikuwa akizungumza na watu nisiowajua.

Nilirudi kwake juma lililofuata. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyonipata, nikamwomba aniambie tena. Hakukasirika. Akaniambia, lakini safari hii kwa dakika 10, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwalimu wake, ambaye mara ya kwanza alimtaja kwa sauti iliyoshuka, mara ya pili alimtaja kwa jina tu, akaendelea na misumari. Yale ya mwanzo yamekwenda na kaskazi, na mpaka leo nikiitazama picha ile naona midomo yake ikisema jambo ambalo sitalisikia.

Ndipo nikaenda sokoni Darajani, mjini, kutafuta maikrofoni.

Kijana wa dukani aliniuliza swali moja: "Ya kuimbia au ya kuhojia?" Nilimjibu ya kuhojia, lakini swali lake nimekaa nalo miaka. Lugha yetu imekipa chombo hiki jina la kipaza sauti, jina la msikitini, la mkutano wa hadhara na la ukumbi wa taarabu, pale mmoja anapotaka kusikika na mia. Ya kuimbia ndiyo hiyo. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya, ngumu, haiogopi jasho wala kuanguka, na inataka kinywa kiwe vidole viwili tu kutoka kwenye wavu wake. Shure SM58, inayouzwa tangu 1966, imesimama kwenye majukwaa ya dunia nzima kwa sababu hiyo. Lakini ukimpa mzee aishike, uso wake unajificha nyuma ya chuma, na mara anaanza kuhutubia. Amepewa kipaza sauti, basi anapaza.

Mimi nilitaka neno jingine, kunasa. Kabla ya kuwa kazi ya mashine, kunasa ilikuwa kazi ya mtego na ulimbo. Ndege hanaswi kwa kukimbizwa. Unajifunza anatua tawi gani, unapaka ulimbo pale, unaondoka. Nadhani waliosema kinasa sauti walikiona chombo vizuri kuliko waliosema kipaza.

Nilinunua kijimaikrofoni cha kubana kifuani, kidogo kama punje ya mhindi, na waya wake wa mita 6. Nililipa shilingi 45,000. Nilikuwa na aibu nacho, maana katika video za wenye ujuzi nilikuwa nimeona maikrofoni ndefu kama mtutu wa bunduki, zilizofungwa kwenye fito za kaboni, na bei zake ni za kununulia ngalawa. Aibu ile ilikuwa ya kutojua. Ndani ya punje ile mna utando mwembamba mbele ya bamba la chuma, na kati yake chaji ya umeme iliyogandishwa ndani ya plastiki isiondoke. Kitu hicho huitwa elektreti. Mwaka 1962, katika maabara za Bell huko New Jersey, James West, Mmarekani Mweusi wa Virginia, na mwenzake Mjerumani Gerhard Sessler walipata njia ya kukitengeneza kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Kabla yao, maikrofoni ya namna hiyo ilihitaji umeme mkubwa kutoka nje ili itege sikio. Baada yao ilitosha betri ya saa. Walikifanya rahisi kile kilichokuwa cha studio za watu wachache, na simu nyingi zilizowahi kumpelekea mtu salamu za mama yake zilikuwa na kazi ya mikono yao ndani. Kwa hiyo ukinunua maikrofoni ya bei ndogo hununui takataka. Unayopunguziwa ni mengine: waya mwembamba utakaokatika shingoni, kibanio kitakacholegea, na mchachato mdogo kama wa mchanga unaosikika pale mzungumzaji anaponyamaza. Mambo haya mtu anaweza kuishi nayo.

Lisiloweza kuvumilika ni umbali, na hili nilifundishwa na vipimo vya mafundi wenyewe. Nungwi bado utamsikia mzee akipima ubao kwa mkono: shubiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kila kipimo ni maradufu ya kilichotangulia. Sasa, sauti mahali pa wazi ina desturi moja. Umbali ukiongezeka maradufu, inashuka desibeli 6, yaani mtikisiko wake hewani unabaki nusu. Maikrofoni iliyokaa shubiri moja chini ya kidevu inapata sauti nzima. Ipeleke dhiraa, nusu. Wari, robo. Ikifika pima, ambako kamera yangu ilikuwa imesimama siku ile ya kwanza, imebaki sehemu moja ya nane. Upepo haukupungua hata kidogo, wala mawimbi, wala pikipiki barabarani. Mzee wangu alikuwa anashindana nao kwa moja ya nane ya nguvu zake. Ukiweka maikrofoni ya shilingi milioni mbili kwenye pima na ile punje yangu kwenye shubiri, wewe mwenyewe utachagua punje. Nimejaribu, kwa kifaa cha kuazima, na sikuhitaji mtu wa kuniamulia.

Lakini shubiri chini ya kidevu ni kifua cha mtu, na hapa ndipo vitabu vya ufundi vinaponyamaza. Katika filamu ile nilimtaka pia bibi mmoja anayesokota kamba za usumba, kwa sababu jahazi halisimami kwa mbao peke yake. Makumbi hufukiwa pwani miezi kadhaa, yakifukuliwa hupondwa, na nyuzi zikasokotwa mapajani na viganjani. Ni kazi ya wanawake, na nilipotazama picha zangu niliona sina mwanamke hata mmoja. Nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ndicho nini?"

Nilikuwa nimekishika kile kibanio kati ya vidole viwili, mkono umeshafika nusu ya safari, ndipo nikautambua mkono wangu. Mimi ni mwanamume, mgeni katika ua wake. Nikakiweka kwenye kiganja cha mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, nikageuka kuitazama bahari huku nikimweleza kwa mdomo: pindo la mtandio, kwa ndani, kikitazama juu. Akakifunga barabara. Nilimpa na plasta ya hospitali ili aufanyie waya kitanzi kabla ya kushuka, bibi akivuta mkono kisisikike kishindo. Tatizo likawa nguo. Buibui lina mlio wake linapojisugua, mwembamba na mkavu, nao hukaa palepale palipo na herufi "s" na "sh". Kanga iliyofuliwa mara nyingi haina neno. Mjukuu akamletea bibi kanga kuukuu, akajitanda hiyo, na sauti ikatulia. Tangu siku hiyo sijapanga kwenda kwa bibi yeyote bila kuwa na mwenzangu wa kike, na nikihesabu gharama za maikrofoni naihesabu nauli yake pia.

Nimekuwa nikimfikiria sana mwanamke mmoja wa Ufaransa, Marceline Loridan. Mwaka 1960 mjini Paris, Jean Rouch na Edgar Morin walipokuwa wakipiga filamu ya Chronique d'un été, alitembea peke yake katika uwanja wa Concorde na baadaye kwenye soko la Les Halles, kinasa sauti cha Nagra begani, maikrofoni ndogo kifuani. Kamera ilikuwa mbali naye, na kwenye soko ikazidi kurudi nyuma mpaka akawa mtu mdogo chini ya paa kubwa. Alikuwa msichana mdogo alipopelekwa kambi ya Wanazi ya Birkenau, na baba yake hakurudi. Alikuwa akizungumza na baba yake. Hapakuwa na mtu aliyesimama mbele yake akimsikiliza, wala mkono ulioelekezwa mdomoni mwake, na nadhani ndiyo maana aliweza kusema. Mwili wake waliuachia nafasi, sauti yake ikakaa shubiri moja na sikio letu. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa inayoweza kutendwa na kifaa hiki kidogo: kukuwezesha kusogea mbali na mtu bila kumpoteza.

Kwa fundi, shida ilikuwa kinyume. Yeye hufanya kazi kifua wazi, na kikoi kiko mbali mno. Hakuna pa kubana. Nilihangaika na mawazo ya kamba shingoni, zikawa zinagonga mfupa. Mwishowe yeye mwenyewe akanyoosha mkono, akakitwaa kile kidude, akakichomeka ukingoni mwa kofia yake ya viua, juu ya paji la uso, waya ukapita nyuma ya sikio. Ni mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuweka maikrofoni. Kichwa kinapogeuka, sikio linageuka nacho.

Waya wake niliuingiza kwenye simu ya zamani, siyo kwenye kamera. Kamera nyingi za bei ya chini hazina tundu la hedifoni, na kunasa bila kusikiliza ni kutega usiku bila taa. Hata hivyo simu nayo ina mambo yake. Pini ya maikrofoni ya simu ina pete nyeusi tatu, ya kamera ina mbili, na ukizichanganya unaweza kurudi nyumbani na saa nzima ya kimya. Yamenikuta. Simu nyingi za sasa hazina hata tundu, zinataka kiunganishi. Kisha uzime mtandao wote. Sote tumewahi kuisikia redio ikifanya ti-ti-tii sekunde chache kabla ya simu kuita, na waya mwembamba wa maikrofoni hulisikia hilo vizuri kuliko redio. Mwanzo wa kila kipande napiga kofi moja mbele ya kamera, nyumbani nilinganishe kofi la picha na kofi la sauti. Fedha za pili, baada ya zile 45,000, nilinunulia hedifoni zinazofunika sikio lote. Laiti ningezinunua kwanza.

Kuhusu zile ndefu kama mtutu, nimeacha kuzitamani kama zamani. Zina kazi yake ufukweni, zikishikwa juu ya kichwa cha mtu kwa ufito, dhiraa moja tu nje ya picha, na ufito wa mwanzi unafaa sana. Ila zinafanya kazi kwa matundu ya ubavuni yanayozima sauti za pembeni, na ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji na paa la bati, kila sauti inarudi kutoka kila upande, matundu yanachanganyikiwa, na mzungumzaji anatoka kama yuko ndani ya pipa. Nyumba zetu zinajua hili. Baraza la makuti linameza mwangwi. Chumba chenye mikeka, godoro na kanga zilizotundikwa ni studio. Nikiingia kwa mtu, kabla ya kufungua begi, huwa napiga makofi mawili taratibu nikisikiliza yanavyokufa. Watoto hucheka, nami huwaacha wapige yao.

Upepo haununuliki kwa bei ndogo wala kubwa, lakini unatulizwa. Ile sponji nyeusi inayouzwa pamoja na maikrofoni huzuia pumzi ya kinywa tu. Pwani tunatofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi hiyo, na maikrofoni isiyovikwa kitu huipokea kama kofi. Kwa kaskazi yanatakiwa manyoya marefu. Upepo unapovunjikia kwenye kitu ndiyo unapiga kelele, na manyoya yanauvunja kidogo kidogo mbali na utando, hewa iliyo katikati inabaki imetulia. Nilichana mdoli wa manyoya ulioletwa mtumbani, nikashona kifuko cha ukubwa wa yai. Na kama chombo chako kina kitufe cha kukata sauti nzito za chini ya hezi 80, kibonyeze, maana mvumo mwingi wa upepo umekaa huko chini, ambako maneno ya watu hayafiki.

Sijasema neno juu ya zisizo na waya, ambazo ndizo kila mtu ananiuliza. Nyingi za bei nafuu zinatumia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na Wi-Fi, na Nungwi ya leo ina hoteli ufuo mzima. Aidha mwili wa mtu ni maji, na mzungumzaji akikupa mgongo mawimbi yanakwama kwake. Nimezitumia, kwa mtu anayetembea hazina mfano. Kwa aliyekaa, waya.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipanda meli na wapigaji wake mpaka Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Bahari nzima ilibidi ivukwe, kwa sababu mashine ilikuwa ng'ambo na haikuwa ya kwenda kwa mtu. Mimi nabeba yangu ndani ya mfuko wa kashata, napanda daladala namba 116, na nikishuka nipo kwa fundi. Nikilifikiria hilo naona sina udhuru hata mmoja uliobaki. Wazee wanaojua kazi ya keekee, deheni na kalafati wanapungua, na wengi wao watazungumza mara moja tu kwa ukamilifu.

Mwezi wa Februari nilimpelekea fundi kazi yake asikie. Nilikuwa nimejivunia. Kwa kofia, manyoya na kitufe cha hezi 80, na baadaye kwa programu kwenye kompyuta, nilikuwa nimeondoa upepo, bahari, na hata milio ya mafundi wengine waliokuwa wakichonga nyuma yake. Ilikuwa imebaki sauti yake peke yake, safi kama maji ya mtungi. Nikamvika hedifoni juu ya ile kofia ya viua. Akasikiliza, macho kwenye mchanga. Baada ya muda akainua sikio moja.

"Hawa wengine umewapeleka wapi?"

Nikamwambia nimewatoa, walikuwa wanapiga kelele.

"Kelele?"

Nilikuwa nayo ile sauti ya asili kwenye simu, isiyoguswa. Nikamwekea. Akafumba macho. Tezo zilikuwa tatu au nne, kwangu mimi mlio mmoja. Akanyoosha kidole hewani, akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, kila tezo na mwenyewe. Huyu mkono mzito. Huyu anachonga mkwaju, sikia ulivyo mgumu. Huyu amesimama, anautazama ubao, hajaridhika. Kisha akaniashiria nirudishe nyuma kidogo, nikarudisha, akasikiliza tena palepale.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Ameshaanza kuisikia mbao."

Siku ya pili asubuhi nilikwenda tena na maikrofoni mbili. Moja akaichomeka mwenyewe kofiani. Ya pili akaniuliza ni ya nani, kisha akaichukua, akaipeleka mpaka kwenye mataruma, dhiraa moja kutoka alipochuchumaa kijana wake, akaibana kwenye msumari.